Jeshi Lisilo na Kamanda

Auma Opendi alipokuja kupanga chumba cha uani kwetu Rubongi, alishuka na begi moja la nguo na masanduku matatu ya makopo ya rangi ya viatu. Mke wangu, Taaka, alifurahi, akadhani tumepata mpangaji mfanyabiashara. Mimi nilimuuliza kwa sauti yangu ya darasani kama anakusudia kuwauzia askari wa kambini rangi ya viatu, kwa sababu katika nyumba yangu biashara yoyote lazima ijulikane. Alicheka, akafungua kopo moja. Ndani hamkuwa na rangi. Mlikuwa na betri, nyaya, mota ndogo kama ya saa ya ukutani, na kijiti cha chuma chenye kichwa kama nyundo. Chini ya kopo kulikuwa na magurudumu mawili.

"Hizi kopo ni roboti, Mwalimu," alisema. "Ndiyo nasomea. Hizi na mchwa."

Nikamwambia kwamba haisemwi "hizi kopo", husemwa "makopo haya". Hivyo ndivyo nilivyomkaribisha.

Mimi ni Msamia wa Lunyo. Nina stashahada ya ualimu, nafundisha Kiswahili, na nimekaa miaka mingi katikati ya Jopadhola bila kujua lugha yao zaidi ya salamu na bei ya vitu. Mtu asiyejua lugha ya majirani zake anaweza kujifunza, au anaweza kuwasahihisha katika lugha anayoijua yeye. Nilichagua lililo rahisi. Sokoni nasahihisha ngeli, kanisani nasahihisha matangazo. Jovia, muuza nyanya, akiniambia "nyanya iko mingi", namjibu "nyanya ni nyingi", naye ananiongezea bei. Juu ya hayo mimi ni mwenyekiti: wa kamati ya kisima, wa kwaya, wa chama cha kuzikana, na wa kamati inayosimamia uchaguzi wa wenyeviti. Nimeamini siku zote kwamba watu wakikaa pamoja bila mwenyekiti hawajafanya mkutano, wamefanya fujo.

Sasa nyumbani kwa mtu kama huyo aliingia binti anayetafuta shahada ya uzamivu kwa kuthibitisha kwamba fujo inafanya kazi.

Auma alizaliwa Malaba, katika chumba cha kupanga nyuma ya ofisi za mawakala wa forodha. Baba yake, Mzee Opendi, alikuwa akikimbiza karatasi za mizigo kutoka dirisha moja hadi jingine. Watoto wengine wa Malaba wanakua wakihesabu malori. Auma alikua akishangaa kitu kingine. Aliona kwamba lori la mbele likisogea, msogeo ule unarudi nyuma ya foleni kama wimbi, lori kwa lori, hadi kule mwisho ambako dereva hajui kabisa mbele kumetokea nini. Yule dereva wa mwisho hakuambiwa na mtu. Alimwona jirani yake amesogea, naye akasogea. Auma alimuuliza baba yake nani anaiendesha foleni. Mzee Opendi akamjibu kwamba angemjua mtu huyo angempelekea mbuzi.

Alisoma Tororo, akafaulu, akasomea uhandisi Kampala. Akiwa huko, mjomba wake Obbo, ndugu wa mama yake, alifukiwa katika shimo la dhahabu upande wa Busia. Mashimo yale huchimbwa kwa mikono, na mvua ikizidi udongo hushuka. Auma alifika akakuta watu wamejaa, kila mmoja akitoa amri, huyu aseme chimbeni hapa, yule aseme hapana, chimbeni pale. Aliyemwokoa mjomba alikuwa mwanamke mmoja aliyelala kifudifudi akaweka sikio chini, akasikia mtu anagonga.

"Siku hiyo nikaona," Auma alituambia mezani, "simu haipiti udongo, lakini kugonga kunapita."

Kwa hiyo makopo. Kila kopo lina kijiti cha kugonga na kidude cha kusikia mtetemo. Halina ramani, halina rimoti, wala hakuna kopo kubwa linaloyatuma mengine. Kopo likisikia jirani anagonga, nalo hugonga na kusogea kidogo upande ule. Siku moja, anasema, yatamiminwa shimoni kama maharage, yatatambaa katika nyufa ambazo mtu hapiti, na habari ya aliyefukiwa itapita kutoka kopo hadi kopo mpaka juu. Moja likifa, mengine yanaendelea.

"Na hilo linaloongoza likifa?" niliuliza.

"Hakuna inayoongoza, Mwalimu."

"Lazima lipo. Hujaliona tu."

Aliyaweka sakafuni sebuleni kwetu, kama ishirini hivi, akagonga mguu wa meza kwa ukucha. Yakaanza. Ko, ko, ko. Yakazunguka kama watu waliopotelewa na funguo, kisha taratibu yakaanza kuelekea mezani. Nikaliona moja lililotangulia. Nikalinyanyua. "Kiongozi huyu hapa," nikasema, "tazama sasa." Mengine yakaendelea. Nikanyanyua jingine lililoshika nafasi, kwa kuwa lazima kulikuwa na makamu. Yakaendelea. Taaka alipotoka jikoni alinikuta nimepiga magoti, nimekumbatia makopo tumboni, na yaliyobaki yamekwisha kukusanyika kwenye mguu wa meza bila msaada wangu.

"Baba Damalie," alisema, "umemaliza kuwafukuza viongozi? Chakula kinapoa."

Tulikaa kula. Mchwa, Auma alieleza, ndio waliomfundisha. Askari wa mchwa hugonga udongo kwa kichwa, aliye karibu husikia, naye hugonga. Alichotaka kujua ni jinsi kichuguu kizima kinavyokubaliana kuwatoa kumbikumbi siku moja, saa moja, kwa matundu yote. Nikasema ni malkia. Akasema malkia amefungiwa chumbani mwake anataga mayai, hata kutembea hawezi. Nikasema basi ana katibu. Taaka akaniongezea mboga ili nitafune.

Tatizo la Auma lilikuwa kichuguu. Profesa wake alimwambia wazi kwamba bila kurekodi kichuguu hai, kikubwa, siku ya kumbikumbi kutoka, makopo yale yatabaki kuwa vitu vya kuchezea na shahada haitakuwapo. Ufadhili wake ulikuwa unakwisha mwaka huu. Mvua zilikwisha kuanza, na kumbikumbi hawatoki kila wiki. Navyo vichuguu vya Rubongi vimekwisha, kwa sababu udongo wake ni mzuri kwa matofali na kila mtu anajenga. Kilichobaki kikubwa kilikuwa kimoja, katika boma la sajini mstaafu aitwaye Ikwap, karibu na ua wa kambi. Ikwap hakukubali kamwe kukivunja. Kila msimu huvuna humo kumbikumbi, hula na familia yake, wanaobaki huwakausha.

Ikwap ni wa kabila la Iteso. Auma anajua Kidhopadhola na Kiingereza, wala hajui Ateso. Kwa hiyo lugha iliyobaki kati yao ilikuwa Kiswahili. Auma alitaka kwenda kuomba mwenyewe. Nilimzuia. Nilimwambia kwamba Kiswahili chake cha Malaba ni cha kununulia soda, kwamba ombi la kisayansi linahitaji lugha yenye heshima, na kwamba kwa bahati yake amepanga kwa mtu sahihi. Nilivaa tai.

Tulimkuta Ikwap ameketi barazani anapukuchua mahindi. Nilimsalimu kwa Ateso, "Yoga," ambalo ni neno langu moja, kisha nikasimama wima nikaanza.

"Mheshimiwa Sajini. Binti huyu anatafiti habari za jeshi. Jeshi kubwa lisilo na kamanda. Amekuja na jeshi lake la mashine, nalo halina kamanda, naye anaomba likae juu ya kichuguu chako, lisikilize jinsi jeshi lililomo ndani linavyoamua kutoka kwa pamoja."

Kiingereza kina neno moja, "swarm", kwa nyuki wanaohama, nzige wanaotua, na makopo ya Auma. Mimi nilikuwa nimelitafutia Kiswahili siku mbili, nikachagua "jeshi". Watu husema jeshi la nzige, jeshi la siafu. Na ngeli zote zilikuwa sahihi: jeshi lisilo, likae, lililomo, linavyoamua. Nilimtazama Auma anipongeze. Alikuwa amefunika uso.

Ikwap aliweka gunzi chini. Nyuma yake, juu ya ua, lilionekana paa la jengo la kambi.

"Jeshi bila kamanda," alisema.

"Naam, Mheshimiwa."

"Mimi nilikaa kwa jeshi mpaka meno ikaanza kutoka. Hiyo kitu jina yake najua. Hiyo ni maasi."

"Hapana, Sajini, hiyo ni tamathali ya..."

"Unaleta maasi kwa boma yangu? Hapa? Kambi iko pale, inasikia, na wewe na tai nasema jeshi itatoka kwa pamoja?"

"Afande," Auma alianza.

"Nyamaza, binti, wewe nitaongea na wewe siku ingine. Huyu kwanza." Akasimama, akavuta pumzi. "Nyuma... geuka!"

Nasema kwa aibu kwamba niligeuka. Na mguu niliuinua vizuri, kwa kuwa shuleni mimi ndiye ninayefundisha gwaride.

Kabla hatujafika nyumbani, habari zilikuwa zimetutangulia. Vijana wa bodaboda walisimama wima wakanipigia saluti. "Jenerali Herbert! Jeshi imefika wapi?" Mwingine akamjibu, "Jeshi iko, kamanda ndiyo hakuna!" Jovia alinihudumia kabla ya wateja wengine. "Jenerali," alisema, "nyanya iko mingi," akanitazama machoni. Sikusahihisha. Jioni mwenyekiti wa kijiji alikuja, mtu ambaye mimi mwenyewe nilisimamia uchaguzi wake, akaniomba kwa upole nimweleze ni mashine za aina gani. Taaka alimletea kopo moja kwenye sahani. Aliligeuzageuza, akauliza kama linatoa rangi nyeusi au ya hudhurungi.

Auma hakunilaumu, na hilo lilinikera, maana nilikuwa nimekwisha kuandaa utetezi. Alikaa tu kwenye ngazi ya chumba chake akitazama mawingu juu ya mwamba wa Tororo. Mvua mbili zilinyesha. Baada ya ile ya pili, asubuhi, tulisikia vigelegele kutoka upande wa Ikwap, na Auma akajua kwamba matundu ya kwanza yamefunguka na yeye hakuwapo. Alisema kichuguu kikubwa hutoa zaidi ya mara moja, huenda bado kuna moja. Alisema "huenda" mara nyingi mno.

Kisha Ikwap mwenyewe akaja. Alikuwa amevaa mkanda wake wa zamani. Alikataa kiti changu, akasimama mbele ya Auma.

"Nasikia sokoni wewe nasema kumbikumbi haina mkubwa."

"Ndiyo, Afande."

"Mkubwa ni mimi. Mimi napiga, yeye natoka. Baba yangu alipiga, ilitoka." Ni kweli kwamba huku kwetu kumbikumbi huitwa kwa vijiti. Mtu hulaza ubao juu ya kichuguu akaugonga mfululizo kama matone, mchwa wadhani mvua imerudi. "Sasa leta kopo yako. Kopo ikisema kamanda ni Ikwap, chukua, peleka Kampala, andika jina. Ikisema kitu ingine, kopo yote inabaki kwangu. Nitatia rangi ya viatu, ifanye kazi yake."

Hapo niliingilia. Nilisema kwamba ukweli hauwekewi masharti, kwamba mtafiti mwenye msimamo hawezi kuingia katika mapatano ambayo tayari yameamua jibu, kwamba mimi kama mlezi...

"Nimekubali, Afande," alisema Auma.

"Vizuri. Na matokeo atasoma huyu." Ikwap alininyooshea kidole. "Kichwa yake ni mbaya, lakini sauti ni kama tangazo ya redio. Nataka boma yote isikie."

Nilitoa shukrani fupi. Ilipokwisha, wote wawili walikuwa wamekwisha kuondoka.

Mvua nzuri ilinyesha alfajiri ya Jumamosi, jua likatoka kali. Auma alikwenda mapema, akayapachika makopo yake kuzunguka kichuguu, kila moja limekandamizwa katika udongo, yote yakiwa yamezimwa vijiti ili yasikilize tu, yasije yakawadanganya mchwa. Nyaya zilikwenda hadi kwenye kompyuta chini ya upenu. Ikwap alichimba kishimo mbele ya tundu kubwa, akakitandika majani ya migomba, akajenga kibanda cha matawi na kukifunika blanketi kuukuu. Ubao uliwekwa. Majirani walikuja na beseni na ndoo.

Kwa kuwa watu walikuwa wengi, nilitayarisha ratiba: sala, utambulisho, neno la mwenyekiti, kisha Sajini apige. Ikwap aliipenda sana ratiba hiyo. Alikuwa mtu wa kwanza kijijini kunisikiliza bila kuangalia saa. Alisimama kando ya ubao, vijiti viwili juu, tayari, akingoja nimkaribishe.

Sala ilikwenda salama. Utambulisho ulikwenda salama. Katika neno langu nilizungumzia nidhamu. Nilisema kwamba hata katika viumbe wadogo tunaona umuhimu wa kungoja zamu. Nilikuwa nimefika jambo la tatu, ninakumbuka lilikuwa linaanza na maneno "Hakuna jamii iliyowahi kuendelea bila," ndipo mama mmoja mwenye beseni, upande wa shamba la mihogo, alipopiga ukelele.

Walikuwa wanatoka. Hawakutokea kwenye tundu kubwa lenye kibanda, bali kule nyuma, kwenye kitundu ambacho hakuna aliyekijali. Kisha pembeni yake, kisha pembeni tena, wakizunguka kichuguu kuelekea kwetu, mbawa zinameta. Watu wote walikimbia na ndoo zao. Nilibaki mbele ya viti vitupu nimeshika karatasi.

Ikwap alikuwa bado amenyanyua vijiti.

"Bado!" alipiga kelele. "Sijapiga! Rudi ndani! Wote! Rudi!"

Hawakurudi. Mmoja alitua kwenye pua yake. Hapo akaanza kugonga ubao kwa haraka, jasho linamtoka, kama mtu anayelikimbilia basi lililokwisha kuondoka, na tundu kubwa nalo likafunguka, wakamiminika ndani ya kibanda chungu nzima. Watu walishangilia. Wengine walikuwa wanawala pale pale wabichi. Makopo mawili yalikanyagwa. Auma alikuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta, mikono kichwani, midomo inatembea, na sikuweza kujua kama ni furaha au ni maombi.

Ndoo zilipojaa, Ikwap aliyang'oa makopo yote mwenyewe, akayapanga katika sanduku, akaweka mguu juu ya sanduku. Watu wakakaa. Wakati huu walikaa bila mimi kuwaomba.

"Mwalimu. Soma."

Auma alinieleza kwa Kiingereza, pole pole, akinionyesha mistari kwenye kioo. Kopo la upande wa mihogo ndilo lililosikia kugonga kwanza. Kisha la jirani yake. Kisha la jirani wa jirani. Mstari baada ya mstari, kugonga kulizunguka kichuguu chote kabla kijiti cha Ikwap hakijagusa ubao. Hakuna kopo lililoonyesha mkubwa. Kila moja lilionyesha jirani.

"Umepata ulichokuwa unatafuta?" nilimuuliza.

"Yote, Mwalimu. Sijawahi kuona safi hivi."

Niliutazama mguu wa Ikwap juu ya sanduku. Niliona kwamba akikasirika hatakoma kwenye makopo, atachukua na kompyuta, atafuta kila kitu, na miaka minne ya binti huyu itaishia barazani kwa sajini. Mimi ndiye niliyemwondoa mwimbaji kwenye kwaya kwa sababu alidai alikuwa msibani kumbe alikuwa harusini. Wanafunzi wangu wanajua kwamba kwangu uongo hauna saizi. Nikasimama, nikarekebisha tai.

"Wananchi," nilisema. "Vyombo vimebainisha kwamba kutoka kwa kumbikumbi kulitanguliwa, na kwa kiasi fulani kulichochewa, na hali ya utayari iliyokuwapo kichuguuni, ambapo kuwapo kwa Sajini, pamoja na mamlaka yake, hakuwezi kutenganishwa na..."

Kiswahili fasaha kina vyumba vingi vya kujifichia, na nilikuwa navijua vyote.

"Hapana, Mwalimu," alisema Auma. "Wewe nadanganya."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo hadharani, na aliyeniambia alikuwa mpangaji, tena kwa kitenzi kibovu.

Akasimama mbele ya Ikwap. "Afande, hapana kamanda. Kopo nasema hivi: moja ilianza pale kwa mihogo. Hiyo ilianza haikuwa mkubwa, ilianza tu. Jirani yake nasikia, nagonga. Jirani ya huyo nasikia, nagonga. Inazunguka, inazunguka, mpaka yote natoka. Wewe ulikuwa bado hujapiga."

"Kwa hiyo nilipiga bure?"

"Si bure. Wewe ulipiga, hii upande yako ikasikia, ikatoka mingi zaidi. Iko hapa, ona. Lakini hukuwa kamanda, Afande. Ulikuwa jirani." Akafikiri. "Jirani ya kelele mingi."

Mama mwenye beseni alicheka, akajizuia, akacheka tena. Ikwap aliinama kwenye kompyuta, akatazama mistari kwa muda mrefu. Midomo yake ilihesabu. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ulikuja hapa nasema jeshi."

"Nilisema, Sajini."

"Huyu nasema majirani. Kwa nini hukusema majirani? Majirani najua. Majirani hapana kamanda, kila siku naona, mbuzi yao nakula mihogo yangu." Watu wakacheka, naye akawaacha wamalize. "Sharti ni sharti. Kopo haikusema Ikwap. Kopo inabaki."

Auma alilitazama sanduku. Kila kopo alikuwa amelitengeneza kwa mkono wake, na niliwahi kumwona akilala na moja kifuani akitafuta waya uliokatika.

"Sawa, Afande," alisema. "Inabaki."

"Na hii?" Ikwap aligusa kompyuta kwa kidole.

"Hii ndiyo ilisikia yote. Hii ndiyo kazi yangu."

Ikwap aliutazama mkanda wake, akautazama umati, akakitazama kichuguu ambacho bado kilikuwa kinatoa wachache wachelewaji.

"Hii sikusema," alisema. "Nilisema kopo. Chukua, nenda. Andika hakuna kamanda, lakini andika boma ni ya nani." Akaondoa mguu sandukuni, akalinyanyua. "Na mvua ingine ukitaka, rudi. Peke yako."

Tulitembea hadi barabarani. Alikuwa ameikumbatia kompyuta, ameizungushia kanga ya Taaka. Kwenye karavati, daraja dogo la mfereji, alisimama, akampigia profesa wake simu, akasema kwa Kiingereza kwamba ipo, yote, kutoka tundu la kwanza hadi la mwisho, na kwamba roboti zote zimechukuliwa, ataunda nyingine. Alisikiliza. Akasema ndiyo. Akasema ndiyo tena. Alipokata simu alikaa juu ya ukingo wa karavati akalia kidogo, kisha akaanza kucheka, mbawa za kumbikumbi zimemganda kwenye nywele zote.

Nilitafuta neno la kumwambia. Kila nililolipata lilikuwa na jambo la kwanza, la pili na la tatu. Lori moja lilipita kuelekea Malaba, na jingine nyuma yake. Nikalegeza tai, nikakaa kando yake.